Je, Wajua? Jina la Duka Kwenye Mtutu

Safari hii tunaingia katika maduka ya bunduki ya miji mikubwa ya Ulaya na Marekani. Tutazitazama rivolva, yaani bastola zenye silinda inayozunguka, ambazo leo wakusanyaji wa vitu vya kale huzigombea mnadani kwa fedha za kujengea ghorofa. Niseme mapema kwamba kilichonivuta mimi si chuma bali daftari: nani aliuza, nani alinunua, siku gani, kwa bei gani. Nilipoyafuata madaftari hayo nilijikuta nimefika Mombasa na Shoa.

Je, wajua kwamba rivolva nyingi za Samuel Colt zimechongwa anwani ya mji ambao hazikutengenezwa? Kiwanda kilikuwa Hartford, katika jimbo la Connecticut. Lakini chukua Colt ya mwaka 1851, ile iliyokuja kuitwa Navy, usome maandishi ya juu ya mtutu: aghalabu utakuta New York. Ofisi ya mauzo ilikuwa New York, na Colt alitaka mteja ajue pa kupeleka barua na fedha. Ni kama kahawa iliyochumwa Bukoba ikawekwa kwenye mfuko wenye anwani ya Dar es Salaam.

Na je, wajua kwamba silinda ya bastola hiyohiyo ina picha ya vita vya baharini? Izungushe polepole chini ya taa. Utaona merikebu zenye matanga, moshi wa mizinga, na mawimbi madogo madogo yaliyosongamana kama ukili wa mkeka. Ni mapigano ya Mei 1843 kati ya manowari za Texas na za Mexico karibu na Campeche. Aliyeyachora ni Waterman Ormsby, fundi ambaye riziki yake ilitokana na kuchora mabamba ya kuchapia noti za benki. Picha haikuchongwa kwa mkono kwenye kila bastola. Ilichorwa mara moja kwenye roli la chuma kigumu, kisha roli likakandamizwa juu ya silinda baada ya silinda. Mistari yake ni myembamba mno, kwa hiyo ndiyo inayotangulia kufutika: kwa kusuguana na ala ya ngozi, kwa jasho, kwa msasa wa mjukuu aliyetaka kuing'arisha bastola ya babu. Mkusanyaji hodari hutoa kioo chake cha kukuzia na kuzitafuta meli hizo kabla hajauliza bei.

Akishaziona meli, hutafuta namba. Namba ileile ilipigwa kwenye mtutu, kwenye fremu, kwenye kinga ya triga, kwenye kitako, kwenye silinda, na hata kwenye ile kabari ndogo inayoshikilia mtutu usichomoke. Zikilingana zote, bastola imekaa pamoja tangu ilipotoka kiwandani. Kabari yenye namba ya kigeni inatosha kushusha bei.

Je, wajua kwamba Colt hakuwa wa kwanza kufikiria silinda inayozunguka? Huko Norway, katika makumbusho ya Maihaugen mjini Lillehammer, ipo bastola ya aina hiyo yenye tarehe ya mwaka 1597. Mwaka 1718, mwanasheria wa London aitwaye James Puckle alipata hataza ya bunduki ya miguu mitatu yenye silinda ya kuzungushwa kwa mkono. Katika maelezo yake alipendekeza risasi za duara kwa maadui Wakristo na risasi za pembe nne kwa Waturuki, akiamini za pembe nne zingeumiza zaidi. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara inanichukiza. Karne moja baadaye, Elisha Collier, Mmarekani aliyehamia London, aliuza rivolva za gumegume, zile za kuwashwa kwa cheche ya jiwe.

Alichofanya Colt ni kuunganisha. Ukivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, silinda inajigeuza yenyewe tundu moja mbele na kujifunga mahali pake. Tundu halikuwashwa kwa jiwe bali kwa fataki, kile kikombe kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kikigongwa. Alipata hataza Uingereza mwaka 1835 na Marekani Februari 1836, akiwa kijana wa miaka 21. Inasimuliwa kwamba alichonga mfano wa kwanza wa mbao akiwa baharia katika meli Corvo, baada ya kuutazama usukani ukizunguka na kujifunga.

Biashara yake ya kwanza ilikufa. Kiwanda cha Paterson, New Jersey, kilifungwa mwaka 1842.

Je, wajua ni nani aliyemfufua? Kapteni Samuel Walker, askari wa Texas aliyewahi kupigana kwa rivolva za Paterson. Mwaka 1847, wakati wa vita vya Marekani na Mexico, alimweleza Colt anachotaka: bastola kubwa, ya risasi sita, inayoweza kumwangusha farasi. Serikali iliagiza 1,000. Colt hakuwa na kiwanda, kwa hiyo alikwenda kwa Eli Whitney mdogo, mwana wa yule wa mashine ya kuchambua pamba, na bastola zikatengenezwa huko Whitneyville. Kila moja ilikuwa na uzito wa takribani kilo 2. Mtu hakuitundika kiunoni. Ilibebwa kwenye tandiko la farasi. Baadhi ya silinda zilipasuka kwa sababu zilimeza baruti nyingi kuliko chuma cha wakati ule kilivyoweza kustahimili. Walker mwenyewe aliuawa Oktoba mwaka huohuo huko Huamantla, Mexico.

Mbali na zile za jeshi, Colt alitengeneza nyingine kama 100 za kuuzia raia. Moja ilichukuliwa na nahodha wa meli wa Denmark aliyepita New York, ndani ya kasha lake la mbao, pamoja na chupa ya baruti na kalibu ya kumiminia risasi. Nahodha aliitunza, na waliomfuata wakaitunza. Mwaka 2018 iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 1.84. Zile za jeshi zilipigwa mvua, zikagongwa, zikaibwa, zikatupwa. Hii ilikaa kwenye kasha.

Je, wajua kwamba Colt alizijua siasa za dunia vizuri kuliko mabalozi wengi? Kabla na wakati wa Vita vya Crimea alitoa zawadi rivolva mbili zilizotiwa nakshi ya dhahabu, zenye namba zinazofuatana. Moja ilikwenda kwa Sultani wa Uturuki, nyingine kwa Mfalme Nikolai wa Kwanza wa Urusi, watu waliokuwa wakipigana. Ya Sultani leo iko katika Metropolitan Museum, New York. Unaweza kusimama mbele yake bila kulipia zaidi ya kiingilio cha mlangoni na kuiona sura ya George Washington iliyochorwa kwa dhahabu juu ya bastola ya Sultani.

Mwaka 1853 Colt alifungua kiwanda London, eneo la Pimlico kando ya mto Thames, akaweka mitambo pale ambapo Waingereza walizoea tupa na macho ya fundi. Kilifungwa mwaka 1856. Bastola za miaka hiyo mitatu zina anwani ya London kwenye mtutu, na kwa neno hilo moja wakusanyaji huongeza bei.

London yenyewe ilikuwa na ufundi wake wa zamani. Je, wajua kwamba mafundi bunduki wengi waliokuja kuwa na majina makubwa walipita katika karakana ya mtu mmoja? Ni Joseph Manton. James Purdey alifanya kazi kwake kabla ya kufungua duka lake mwaka 1814. Thomas Boss alipita hapo, na William Greener pia. Manton, mwalimu wa wote hao, alifilisika mwaka 1826 na kufa mwaka 1835. Mwaka huohuo wa 1835, Harris Holland, ambaye biashara yake ilikuwa tumbaku, alianzisha duka la bunduki ambalo leo ni Holland & Holland. Maduka haya yalitunza madaftari: namba ya bunduki, jina la mteja, urefu wa mkono wake, tarehe. Mtu akirithi bunduki ya Purdey leo anaweza kuandika barua dukani na kuambiwa ilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Hapa ndipo Mombasa inapoingia. Je, wajua kwamba Theodore Roosevelt, alipomaliza urais wa Marekani mwaka 1909 na kuja Afrika Mashariki kuwinda, alibeba bunduki ya Holland & Holland yenye mitutu miwili aliyopewa zawadi na Waingereza waliomheshimu? Vifaa vyake vingine vya safari vilitoka duka la New York liitwalo Abercrombie & Fitch. Aliteremka Mombasa Aprili 1909 na kupanda treni kuelekea bara. Wapagazi wetu ndio waliobeba mizigo hiyo vichwani, porini, kwa miezi. Bunduki ya Holland iko katika makumbusho mjini Louisville, Kentucky, na kila mwenye kupenda silaha za kale anaijua namba yake. Majina ya wapagazi wengi yamepotea, na mimi ningetoa bunduki kumi ili niyapate.

Abercrombie & Fitch, ambalo vijana wa leo wanalijua kwa fulana na suruali, lilikuwa duka la wawindaji. Kuanzia mwaka 1917 lilikaa kwenye jengo la ghorofa 12 katika mtaa wa Madison Avenue. Chini kabisa kulikuwa na uwanja wa kupigia shabaha. Juu ya paa kulikuwa na nyumba ya magogo na bwawa la kujifunzia kurusha ndoano. Ernest Hemingway alinunua hapo. Lilifilisika mwaka 1976, likauzwa jina, na jina likaenda kwenye nguo.

Je, wajua kwamba New York ilikuwa na mfanyabiashara aliyenunua karibu vita nzima? Francis Bannerman, aliyezaliwa Dundee, Scotland, na kukulia Brooklyn, alikuwa akinunua mabaki ya majeshi: bunduki, sare, panga, mizinga. Baada ya vita vya Marekani na Hispania vya mwaka 1898 alinunua sehemu kubwa ya silaha zilizotekwa, zikiwemo risasi kwa mamilioni. Jiji halikutaka mzigo huo ukae katikati ya watu. Basi mwaka 1900 Bannerman akanunua kisiwa kidogo katika mto Hudson, akajenga ghala kwa umbo la ngome ya Kiskoti na kuandika jina lake ukutani kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka kwenye treni. Duka lenyewe lilikuwa Broadway. Katalogi yake ilikuwa nene, yenye michoro ya kila kitu, na wakusanyaji wa mwanzo wengi wa Marekani walijifunzia humo. Alikufa mwaka 1918. Mwaka 1920 baruti ya kisiwani ililipuka, na mwaka 1969 moto ukala kilichobaki. Kuta zingine bado zimesimama, na jina bado linasomeka.

Je, wajua kwamba Rollin White alivumbua kitu kilichobadilisha rivolva zote, na kikamletea hasara? Mwaka 1855 alipata hataza ya silinda iliyotobolewa kutoka upande mmoja hadi mwingine, ili risasi yenye ganda lake iingizwe kwa nyuma. Kabla ya hapo ulimimina baruti kwa mbele, ukashindilia risasi na kubandika fataki, tundu moja baada ya jingine, kama mwenye gobori. Horace Smith na Daniel Wesson walimlipa senti 25 kwa kila bastola watakayotengeneza, na mwaka 1857 wakatoa rivolva yao ya kwanza. Mkataba ulikuwa na kifungu kimoja kibaya: akitokea mwigaji, White ndiye atakayekwenda mahakamani, kwa fedha zake. Waigaji walitokea wengi. Hataza ilipokwisha mwaka 1869 aliliomba Bunge limwongezee muda, Bunge likakubali, lakini Rais Ulysses Grant akakataa kutia saini. Nadhani alionewa. Kila rivolva ya risasi za ganda iliyotengenezwa tangu siku ile ina matundu yake.

Colt wakasubiri hataza ife. Mwaka 1873 wakatoa ile ambayo hata asiyejua bastola ameiona kwenye sinema za ng'ombe na vumbi, yenye jina la utani la Mleta Amani. Waliokuwa nayo walijaza matundu matano tu kati ya sita. Nyundo ilikaa juu ya tundu tupu, maana pigo dogo lingeweza kuifyatua na kumpasua mwenyewe mguu.

Je, wajua kwamba kuna mtu aliyekodisha jina lake? Henry Deringer wa Philadelphia alitengeneza bastola fupi ya mfukoni, ya risasi moja. Ndiyo aina iliyotumika kumuua Rais Abraham Lincoln Aprili 1865. Zilipendwa sana California wakati wa dhahabu, na waigaji wakajaa. Mfanyabiashara mmoja wa San Francisco, A. J. Plate, alimtafuta fundi cherehani aitwaye John Deringer, akapata ruhusa ya kutumia jina lake, na kulipiga kwenye bastola zisizo za Henry. Kesi ya Deringer dhidi ya Plate inasomwa mpaka leo na wanasheria wa alama za biashara. Leo wakusanyaji hutafuta hata zile za fundi cherehani, ili mradi zithibitike kuwa ni za uongo wa wakati ule na si za uongo wa jana.

Je, wajua kwamba ukitaka kuua thamani ya bastola ya kale, uipake rangi upya? Ile buluu nyeusi ya kiwandani, hata ikichakaa, ni ushahidi. Ukiisugua na kuipaka upya umefuta historia yake. Iache na kutu yake ya kahawia, uipake mafuta mepesi, basi.

Je, wajua kwamba hadi leo unaweza kuiandikia kampuni ya Colt namba ya bastola ya kale, ukalipa ada, na wakakuletea barua inayosema ilitoka kiwandani tarehe gani na kwenda duka gani? Biashara nzima ya wakusanyaji imekaa juu ya barua hizo. Bastola yenye barua na bastola isiyo nayo zinaweza kufanana kama mapacha, lakini bei zao hazikai meza moja.

Mfano ni Bat Masterson. Alikuwa mlinda sheria wa Dodge City, kisha akahamia New York mwaka 1902 na kuwa mwandishi wa michezo gazetini. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimsumbua sana akitaka kununua bastola aliyoulia watu. Masterson akaenda duka la rehani, akanunua Colt kuukuu, akakata alama 22 kwenye kitako na kumuuzia. Mtu akaondoka na furaha yake. Ukikutana leo na Colt yenye alama za kisu kitakoni, dai barua.

Sasa tazama upande wa pili. Colt ambayo Pat Garrett alimuulia Billy the Kid, Julai 1881 huko New Mexico, iliuzwa Agosti 2021 kwa zaidi ya dola milioni 6, bei ambayo hakuna silaha ya moto iliyokuwa imewahi kuifikia mnadani. Ni bastola ya kawaida, haina dhahabu wala nakshi. Ila njia yake yote ilijulikana. Garrett alipofariki, bastola ilikuwa kwa mwenye baa huko El Paso, na mjane wake, Apolinaria, alikwenda mahakamani kuidai. Alishinda. Mwanamke aliyekuwa akipigania mali ya mumewe ndiye aliyeiachia dunia ushahidi ulioifanya iwe ya mamilioni.

Je, wajua kwamba rivolva maarufu kuliko zote katika fasihi ya Kifaransa ilinunuliwa asubuhi na kutumika siku hiyohiyo? Tarehe 10 Julai 1873, mjini Brussels, mshairi Paul Verlaine aliingia duka la bunduki la Montigny, katika Galeries Saint-Hubert, zile njia za maduka zilizoezekwa kwa kioo. Akanunua bastola ya aina ya Lefaucheux kwa faranga 23. Risasi za aina hiyo zina kijipini kinachochomoza ubavuni kama mwiba, na nyundo hukipiga kutoka juu. Ukizibeba mfukoni bila uangalifu unaweza kuzilipua. Baadaye siku hiyo, akiwa amelewa na amevunjika moyo, akampiga risasi rafiki yake Arthur Rimbaud na kumjeruhi kifundo cha mkono. Verlaine alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Bastola iliuzwa Paris mwaka 2016 kwa euro 434,500. Kilichowaridhisha wanunuzi kwamba ndiyo yenyewe ni namba yake kukutwa katika daftari la duka la Montigny.

Na je, wajua Rimbaud alifanya nini baadaye? Aliacha ushairi kabisa. Alifika Aden, kisha Harar, akafanya biashara ya kahawa, na mwaka 1885 akaingia kwenye biashara ya bunduki. Alikaa Tadjoura, pwani ya Djibouti ya leo, akisubiri ngamia na vibali, wenzake wawili wakafa. Hatimaye akavuka jangwa la Danakil na bunduki kama 2,000, nyingi zikiwa zimeachwa na majeshi ya Ulaya, akafika Shoa, katika Ethiopia ya leo, mwaka 1887 na kumuuzia Menelik, ambaye miaka miwili baadaye akawa mfalme mkuu wa Ethiopia. Menelik alijua thamani ya bunduki kuukuu, akampa bei ndogo na kukata madeni ya mmoja wa wale wenzake waliokufa. Aliyepigwa risasi kwa bastola ya dukani Brussels akawa mwenye duka la bunduki asiye na duka.

Mwaka 1890, katika jiji hilohilo la Brussels, mataifa yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake yakaweka kizuizi cha bunduki za kisasa kuingia Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Pwani yetu yote imo, na nchi zote zinazozungumza Kiswahili. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuwanyima silaha wateka watumwa. Lakini kizuizi hicho kiliwakuta pia watu waliokuwa wakijiandaa kuwapinga wakoloni kwa magobori, na wakoloni wenyewe hakikuwahusu.

Pembe nazo zina habari. Miaka ileile ambayo Colt alikuwa akitengeneza bastola Hartford, pembe za ndovu kutoka Unguja zilikuwa zikishushwa kwenye miji midogo ya Connecticut iliyo chini zaidi katika bonde la mto uleule unaopita Hartford, Deep River na Ivoryton, kukatwa ziwe vibao vya piano. Rivolva za kitajiri nazo zilivalishwa vitako vya pembe. Tangu mwaka 2016 sheria ya Marekani imebana sana biashara ya pembe za ndovu wa Afrika, ikiacha nafasi kwa vitu vya kale vilivyopita miaka 100 na vile vyenye pembe kidogo sana. Kwa hiyo muuzaji wa rivolva yenye kitako cheupe leo hana budi kuthibitisha umri wa ndovu pamoja na wa bastola.

Je, wajua mpaka kati ya "silaha" na "kitu cha kale" uko wapi? Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani ni mwaka 1898: iliyotengenezwa mwaka huo au kabla haihesabiwi kuwa silaha ya moto. Colt mbili pacha, moja ya Desemba 1898 na nyingine ya Januari 1899, zinaongozwa na sheria mbili. Hapo tena utaona kazi ya barua ya kiwandani.

Jimbo la New York lilikuwa kali zaidi. Januari 1911 mwandishi wa riwaya David Graham Phillips alipigwa risasi karibu na Gramercy Park na kufa siku iliyofuata. Mwaka huohuo ikapita sheria ya Sullivan iliyomtaka kila mwenye bastola ya kufichika kuwa na kibali. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua sharti la muda mrefu la kumtaka mwombaji aeleze sababu maalumu ya kubeba bastola hadharani.

Mwaka huo wa 1911 ndio John Jovino alipoanzisha duka lake la bunduki katika mtaa wa Waitalia, jirani na makao makuu ya polisi. Mafundi bunduki walijazana sehemu hiyo kwa sababu polisi ndio waliokuwa wateja. Mwaka 1937 mpiga picha Berenice Abbott alisimama Centre Market Place na kupiga picha ya duka la jirani, la Frank Lava. Juu ya mlango kunaning'inia bastola kubwa kuliko mtu, na nyuma yake ni ukuta wa mawe wa polisi. Polisi walihama mwaka 1973, na jengo lao likageuzwa makazi ya watu. Duka la Jovino, lililokuwa nalo na bastola kubwa juu ya mlango, lilidumu hadi mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipolifunga.

Na hili nimeliweka mwisho kwa sababu linanisumbua. Je, wajua kwamba aliyempiga risasi Rais James Garfield alichagua bastola kwa kufikiria makumbusho? Charles Guiteau aliingia duka moja la Washington mwaka 1881 akiwa na fedha za kukopa. Inasimuliwa kwamba aliwekewa mbili mezani, yenye kitako cha mbao na yenye kitako cha pembe, akaitaka ya pembe akiamini itapendeza zaidi ikiwekwa kwenye kabati la kioo siku za baadaye. Tarehe 2 Julai akamvizia Rais kwenye stesheni ya treni. Garfield hakufa siku ile. Aliishi siku 79, madaktari wakiitafuta risasi kwa vidole visivyooshwa, mpaka usaha ukamuua Septemba 19. Alikuwa na umri wa miaka 49, na aliacha watoto watano.

Bastola ilifika kweli katika makumbusho ya Smithsonian. Kisha ikapotea, na hakuna daftari linaloonyesha ilikokwenda. Imebaki picha yake.